Kilomita Mia Tano na Kumi na Moja

El Alto, 9 Novemba 1996

Shangazi Casilda,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepunguza uvimbe, na ndege wa bonde la Azapa wamekuachia zeituni mbili tatu mwaka huu. Sisi huku hatujambo. Mama anauza sufu pale pale sokoni, Alhamisi na Jumapili. Mimi bado niko maabara ya zahanati ya Viacha, natazama damu za watu ninaowajua kwa majina tu. Nakula, nalala. Ukiulizwa habari zangu, sema hivyo.

Sikukuu ya wafu tulimwandalia baba meza yake ya kwanza. Mama alikwenda tanurini kuoka mikate yenye umbo la watu, la ngazi na la farasi, kama ilivyo desturi. Mwanamke wa tanuri akamuuliza, "Marehemu alikuwa na farasi?" Mama akasema, "Alikuwa dereva." "Sasa farasi wa nini, dada? Mwokee gari." Basi akamwokea gari, magurudumu yake zabibu kavu. Majirani walikuja, wakamwombea, na siku ya pili tukawagawia mikate yote. Hakuna aliyethubutu kula gari. Liko kabatini, limekuwa gumu kama tofali. Juzi niliigonga ile boneti kwa kijiko. Nilidhani nitasikia kitu ndani yangu. Nilisikia kijiko.

Sasa lililonifanya niandike. Yadi ya magari aliyokuwa akiifanyia kazi baba imetuita. Bwana Remberto wa ofisini anasema baba hakuwa na mkataba, kwa hiyo hawalazimiki kutupa chochote, ila wana utu. Wanatutaka tuchague moja: fedha za pole, au lile gari. Lile lile alilokutwa ndani yake Septemba pale Patacamaya, kando ya mabanda ya supu, injini imezimwa, breki ya mkono imevutwa, mikono mapajani. Ni dogo, jeupe, la milango mitano. "Jipya kabisa," Bwana Remberto alisema, "ila limetembea kidogo." Limetembea kilomita mia tano na kumi na moja. Tujibu kabla ya Jumanne ya Karnivali, mwezi wa Februari.

Unaijua kazi ya baba kuliko mimi. Miaka kumi na tisa alishuka kwa basi hadi bandarini Arica, akalala kwako, asubuhi akapanda milima na gari jipya la mtu mwingine. Na kabla ya kuondoka aliingiza mkono chini ya dashibodi akachomoa waya wa spidomita, ili gari lifike huku juu likisoma sifuri na mnunuzi aamini limeteremshwa na malaika. Nusu dakika tu. Likizo za shule alizokuwa akinichukua, nilimwona akifanya hivyo kila safari, hata kabla ya kufunga mkanda. Hakuwahi kusahau.

Safari hii hakuuchomoa.

Wewe ndiye wa mwisho kumwona. Alikwambia neno? Na unasemaje, tuchukue gari au fedha?

Kitambaa chako cha milia kilikuwa kwenye kiti cha abiria, na chakula ndani, kimefungwa fundo lako. Hakukifungua. Tumekifua.

Mama anakusalimu.

Delia


Azapa, 1 Desemba 1996

Binti ya kaka yangu,

Marahaba. Goti ni lile lile, limeamua kuishi maisha yake mbali na mimi. Zeituni zimeliwa. Nyanya ziko sawa ila bei ni ya kutukana mtu, na Wachile wa sokoni bado wananiita "yule Mbolivia" baada ya miaka ishirini na mitano, wakati mimi ndiye ninayewalisha. Nimefurahi kusikia unakula. Kula na nyama.

Habari ya gari la mkate imenichekesha. Mama yako angeweka na sahani ya supu ya karanga pembeni yake. Kaka yangu Eulogio asingetoka mezani hapo mpaka leo.

Umeuliza gari au fedha. Chukueni fedha. Gari jipya, Delia, humwagiwa bia na maua kwanza, ndipo linakwenda barabarani. Hata shule zote ulizosoma haziwezi kukubadilishia hilo. Hili limekwenda kwanza, tena limebeba maiti kabla ya kuonja tone moja. Utalimwagia nini sasa? Na utaliendesha vipi? Mara ya mwisho nilipokaa kando yako uliendesha kama aliyebeba trei ya mayai.

Kuhusu ule waya, watu husahau. Mimi jana nimesahau sufuria motoni hadi ikatoboka.

Fedha mtanunulia kibanda cha mama yako chenye mlango wa bati, akae na sufu zake bila kunyeshewa. Baba yako angependa hivyo.

Namtuma huyu dereva wa basi na kilo mbili za zeituni. Za jirani. Ndege wake wana adabu.

Shangazi yako,
Casilda


El Alto, 15 Desemba 1996

Shangazi,

Shikamoo. Zeituni zimefika, ahsante. Mama amezificha asizione jirani. Mvua zimeanza, paa linavuja mahali pale pale, tumeweka ndoo pale pale. Mimi ni mzima.

Jumamosi nilikwenda yadini kuliona gari. Nilikuwa nimejiandaa kwa jambo fulani, sijui lipi. Nilikuwa nimevaa koti jeusi. Lilikuwa nyuma kabisa, kati ya malori mawili, nailoni bado iko vitini. Bwana Remberto akanifungulia mlango kama mtu anayetaka kuuza.

"Nusa," akasema. "Harufu ya upya hiyo. Hujaisikia popote."

Nikanusa. Palikuwa na harufu ya nailoni na, kwa mbali, vitunguu vyako.

Fundi Gume alikuwa amelala chini ya lori la pembeni. Unamkumbuka, yule aliyekuwa akicheza kadi na baba. Alitoka kwa mgongo, akanipa kiwiko kwa sababu mkono ulikuwa na oili.

"Wewe ndiye yule wa damu," akasema. "Baba yako alikuwa anatuchosha hapa. Binti yangu daktari, binti yangu daktari."

"Mimi si daktari. Nafanya kazi maabara."

"Alijua. Alikuwa anatuchosha tu."

Nikamuuliza kuhusu waya. Akaangalia dashibodi.

"Eulogio asahau waya? Angesahau kwanza suruali." Kisha akasema, "Nimeukagua mimi mwenyewe. Hauna tatizo. Unachomoka kama kizibo cha chupa."

"Na tukichukua fedha, gari litakwenda wapi?"

Bwana Remberto akakohoa. Gume ndiye aliyejibu, akijifuta mikono, bila kunitazama. "Tunafungua dashibodi tunazirudisha namba nyuma. Dakika kumi. Linauzwa sifuri kilomita, mtu anafunga utepe, anakwenda zake kwa furaha."

Basi hilo ndilo jambo, shangazi, na nataka ulijue kabla ya kuniambia tena kuhusu kibanda. Tusipolichukua, watazifuta.

Nimepiga hesabu kwa nguzo za barabarani. Kutoka Patacamaya hadi yadini liliendeshwa na mtu mwingine aliyetumwa kulifuata: mia moja na nne. Zinazobaki, mia nne na saba, ni za baba. Katika miaka kumi na tisa amepanda barabara ile mara nyingi kuliko mvua, na hakuna kilomita hata moja iliyoandikwa mahali popote. Zimeandikwa hizi tu. Nilikaa nikazitazama. Sikulia. Nilihisi kama ninavyohisi nikiwa na darubini: naona kila kitu vizuri, na hakuna kinachonihusu.

Umesema watu husahau. Wewe unamjua. Hakusahau. Nakuuliza tena: asubuhi ile, kwako, palitokea nini?

Delia


El Alto, 12 Januari 1997

Shangazi,

Heri ya mwaka mpya. Hujajibu. Dereva wa basi anasema barua alikukabidhi mkononi, ukaitia kwenye aproni, ukamuuliza habari za mkewe.

Krismasi ilikuwa tulivu. Mama alipika supu ya nyama ya nguruwe, tukala wawili, ikabaki. Wakati wa kuosha vyombo akaniuliza, "Mbona hujalia tangu Septemba?" Nikamwambia nitalia tukishaamua kuhusu gari. Akanitazama kama anayesoma tarehe kwenye kopo. "Gari halina kosa," akasema. "Mimi nakuachia wewe. Lakini usinifanye nikae kwenye nyumba yenye maiti wawili."

Zimebaki wiki nne.

Delia


Azapa, 22 Januari 1997

Delia,

Nasikia juu mlimani kuna theluji na matope, mabasi yamekwama mpakani siku tatu. Wewe na mama yako mvae vizuri. Nyanya nimemaliza kuvuna.

Nimeianza barua hii mara tatu. Lipo jambo, lakini si la kuandika. Njoo, nitakwambia tumekaa. Fedha chukueni hata hivyo.

Shangazi yako


El Alto, 30 Januari 1997

Shangazi,

Shikamoo. Siwezi kuja, zahanati hainipi ruhusa, na hakuna basi linalopita. Barua hii anaichukua mtu wa lori anayesema atajaribu.

Andika. Nitangoja hadi Jumatatu ya Karnivali, tarehe kumi. Nisipopata neno nitajua hakuna neno, na nitaamua kama mtu asiye na shangazi.

Delia


Azapa, 5 Februari 1997

Delia,

Maneno yako ya mwisho yamefika. Nimeyasoma mbele ya huyo mtu wa lori, akaniuliza kama ni msiba. Nikamwambia ni wa zamani.

Haya. Kaa chini.

Baba yako alifika kwangu jioni na gari kutoka bandarini. Alikula kidogo, akasema amechoka na basi. Asubuhi nilimkuta ameketi kitandani, amevaa kila kitu, viatu vimefunguka. Akanyoosha mguu. "Casi, nifungie kamba." Nikacheka. "Umekuwa bwana harusi?" Akasema, "Bega linanisumbua, funga, acha maneno." Nikapiga magoti na goti langu hili, nikamfunga kamba zote mbili. Mkono wake ulikuwa juu ya kichwa changu, umejaa jasho, na asubuhi ilikuwa ya baridi.

Akaingia garini. Akainama kuufikia waya. Akarudi juu. Akapumzika, akainama tena. Akarudi. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu ya jiko. Nikasema, nionyeshe, nitauchomoa mimi. Akasema, "Wewe utakata wa taa. Acha. Acha ihesabu safari hii." Kisha akanyoosha kidole, "Na huko juu usiwaambie. Delia atanitoboa sindano mwili mzima."

Hakusahau, mwanangu. Hakuweza kuinama.

Na mimi nilijua. Usifikiri sikujua. Mume wangu nilimzika kwa ugonjwa huo huo wa moyo, alianza na kamba za viatu hivyo hivyo. Ningeweza kuchukua ufunguo. Ningeweza kumwambia kaka, milima haiendi popote, lala. Unataka kujua nilikuwa nafikiri nini? Lori la kubeba nyanya zangu lilikuwa limefika, na gari lake lilikuwa limeziba lango. Dereva anapiga honi, masanduku yako juani. Nilikuwa nafikiri atoke ili lori lipite. Hilo tu. Nikamwekea chakula kwenye kiti, nikagonga paa mara mbili kama kawaida yetu, akatoka, lori likaingia.

Nyanya zile niliziuza vizuri.

Kwa hiyo unaposema kilomita mia nne na saba ni za baba yako, mimi nasoma vingine. Mimi naona zote ni zangu. Ndiyo maana nilitaka wazifute.

Sasa umejua. Fanya utakavyo. Ukitaka kuwa mtu asiye na shangazi, nitaelewa, lakini mama yako mwambie wewe. Mimi siwezi mara mbili.

Casilda


El Alto, 20 Februari 1997

Shangazi,

Shikamoo. Sisi ni wazima. Ndoo inajaa mara mbili kwa siku. Mama ameanza kufuma tena, kitu kirefu cha kijani, haijulikani ni cha nani.

Barua yako ilifika Jumatatu hii, tarehe kumi na saba, pembe zimelowa. Ilikaa mpakani siku kumi na moja. Kwa hiyo niliamua bila wewe.

Tarehe kumi nilikwenda yadini kusaini fedha. Ndiyo, fedha. Nilikuwa nimechoka, na mama ananyeshewa. Bwana Remberto alikuwa ametandaza karatasi, amenipa kalamu. Kupitia dirishani nilimwona fundi Gume ameketi ndani ya gari, mlango wazi, bisibisi mkononi, anangoja niandike jina. Nikatoka na kalamu yao. Nikamwambia, "Acha." Akasema, "Nimekusikia," akashuka upesi kama aliyekuwa akiliombea neno hilo.

Mama sikumwambia chochote, nilipiga honi mlangoni tu. Alitoka na koleo la makaa mkononi. Akalizunguka gari mara moja. "Dogo," akasema. Jumanne akaliremba kwa karatasi za rangi na maua ya njano, akamwagia bia kila gurudumu, na la dereva akalimwagia mara mbili. Jirani akapaza sauti kutoka ukutani:

"Delia! Jipya hilo?"

"Jipya."

"Sifuri kilomita?"

Mama ndiye aliyemjibu. "Sifuri ya nini? Lina mia tano na kumi na moja. Mume wangu aliliendesha."

Lakini kabla sijalitoa yadini nilikuwa nimefanya jambo. Niliinama chini ya dashibodi nikachomoa waya, ili namba za baba zibaki zilivyo. Nusu dakika, kama yeye. Wiki nzima nimekwenda Viacha na kurudi mshale umelala, sijui naenda kasi gani. Mama, siku aliyonisindikiza, alikuwa ndiye spidomita: "Sasa unakimbia. Sasa punda anatupita."

Barua yako niliisoma garini, nje ya zahanati. Niliisoma mara mbili. Kisha nikainama ili nione. Nilitaka kujua ni mbali kiasi gani, kutoka kitini hadi kwenye waya. Si mbali. Nimeinama bila taabu yoyote. Nikabaki pale, paji la uso limeegemea usukani, mkono umeshika waya, sijui kwa muda gani. Mzee mmoja aliyekuja kuchukua majibu yake akagonga kioo.

"Daktari, umepoteza kitu?"

Nikamwambia ndiyo. Akangoja. Alishika kofia yake, akageuka upande wa barabara, akaniacha nimalize. Sikuona haya.

Waya nimeurudisha. Alisema ihesabu. Leo inasoma mia tano themanini.

Mama nimemsomea barua yako yote. Alisikiliza, hakuacha kufuma. Mwishoni akasema, "Alinikataza na mimi nisikwambie habari ya bega." Kumbe tulikuwa watatu ambao tungeweza kumzuia, shangazi, na mmoja wetu hupima damu za watu kwa mshahara.

Sijui kama nimekukasirikia. Nikijua nitakwambia. Kitambaa chako kimekunjwa kwenye kiti cha abiria, mama atakipakata.

Barabara ikikauka tutashuka. Nimepiga hesabu: tukifika kwako, itakuwa imepita elfu moja. Utaitazama mwenyewe. Nataka kuegesha pale langoni, pale pale alipoegesha. Na lori likija, likapiga honi, liache lipige.

Delia